Umebatizwa, au umeokoka? Tuyapime majibu haya mawili

Wiki yangu ya kwanza chuoni Dar es Salaam, mwenzangu wa chumba hosteli aliniuliza, "Mpendwa, umeokoka?" Nikamjibu, "Mimi ni Mlutheri." Tulinyamaza kidogo, kila mmoja akiona mwenzake hajaelewa. Imenichukua miaka kutambua kwamba swali na jibu vilipishana njiani. Yeye aliniuliza habari za Yesu na mimi. Mimi nikamjibu habari za kanisa letu la Kagera na cheti changu cha kipaimara. Naye, kwa namna alivyouliza, alitaka nimtajie siku niliyookoka. Sikuwa na siku.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyesimama katikati kama nilivyosimama mimi. Upande mmoja anaambiwa: ulibatizwa, ulipata kipaimara, unakaribia Meza ya Bwana, tulia, wewe ni Mkristo. Upande wa pili anaambiwa: hiyo ni dini tu, kama hujampokea Yesu awe Mwokozi wako binafsi, bado hujaanza. Ashike lipi? Nitayapima yote mawili, wala sitaficha ninakoegemea.

Neno lenyewe kwanza

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyofikiri. Kuna kuamini kwamba, na kuna kumwamini mtu. Naweza kuamini kwamba fundi fulani ni hodari, nikamsifu mtaa mzima, na nyumba yangu isiguswe. Kumwamini ni pale ninapomkabidhi paa langu na akiba yangu yote wiki mbili kabla ya masika. Yakobo alikuwa na tofauti hiyo akilini alipoandika, "Mashetani nao waamini na kutetemeka." Mashetani hawana shaka yoyote juu ya kuwapo kwa Mungu. Wanajua, wanakubali kuwa ni kweli, na hapo ndipo wanapoishia.

Wanamatengenezo wa karne ya 16, walioanzisha makanisa ya Kiprotestanti, yaani Philipp Melanchthon na waliomfuata, waliichambua imani hivyohivyo: kuijua habari, kukubali kuwa ni ya kweli, kisha kuegemeza moyo wote juu yake yeye anayehubiriwa. Mawili ya kwanza ni ya lazima, maana huwezi kumtegemea usiyemjua. Lakini linalookoa ni la tatu. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, kitabu cha mafundisho cha makanisa ya Kireformati, katika swali la 21, inaongeza jambo dogo ambalo kwangu ndilo kiini: kwamba msamaha umetolewa si kwa wengine tu, bali hata kwangu mimi. Paulo naye anasema kwa umoja, si kwa wingi: Mwana wa Mungu "ambaye alinipenda, akajitoa nafsi yake kwa ajili yangu." Hiyo ndiyo maana ya "binafsi" katika maneno "imani binafsi". Haina maana ya imani ya faraghani, wala ya Mkristo asiyehitaji kanisa.

Neno la pili ni kuokoka. Mzizi ni okoa, na tunda lake ni mawili: kuokolewa na kuokoka. Ukisema "nimeokolewa", anayekusikia anaweza kuuliza, "Na nani?" Ukisema "nimeokoka", swali hilo halina pa kuingilia, ni kama kusema mlango umefunguka. Aliyevutwa kutoka mtoni akisema "nimeokoka" hasemi uongo, ila asiyekuwapo anaweza kudhani aliogelea mwenyewe hadi ukingoni. Biblia ya Union ina yote mawili: "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani" katika Waefeso 2:8, na "utaokoka" katika Warumi 10:9. Silipigi vita neno kuokoka, limebeba machozi na furaha ya watu wengi. Ninachokiogopa ni pale linapogeuka kuwa kitendo chetu, mtu akasema "niliokoka mwaka fulani" kwa sauti ileile anayosemea "nilihitimu mwaka fulani".

Jibu la kwanza: umebatizwa

Nguvu ya jibu hili ni kwamba linamtanguliza Mungu. Nilibatizwa sijui kusema hata mama. Sikuwa nimechagua chochote, sikuwa nimetubu chochote, na ahadi ikatamkwa juu yangu kwa jina langu. Anayedharau jambo hilo ajiulize kama kuna picha ya neema iliyo wazi kuliko mtoto mchanga asiyeweza kuleta kitu mkononi. Katika Katekisimu Kubwa ya 1529, Martin Luther, ambaye Walutheri tunaitwa kwa jina lake, anamfundisha Mkristo aliyelemewa na dhambi zake ajibu hivi: hata hivyo, nimebatizwa. Angalia wakati wa kitenzi. Hakumfundisha kusema "nilibatizwa zamani". Alimpa kitu cha kushika leo.

Wakatoliki nao wanaanzia hapo, kwa mpangilio wao. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, katika hati yake ya Januari 1547, ulisema imani ni mwanzo wa wokovu wa mwanadamu, msingi na mzizi wa kuhesabiwa haki, yaani kupata haki mbele za Mungu. Ila ulikataa kuiacha imani peke yake: isipoungana na tumaini na mapendo, haimuunganishi mtu kikamilifu na Kristo. Ndiyo maana kwa Mkatoliki ubatizo, kitubio na Ekaristi ni mwendo mmoja ambamo neema inapokelewa, inapotea kwa dhambi ya mauti, na kurudishwa. Andiko lao hapo ni zito: "imani itendayo kazi kwa upendo", Wagalatia 5:6.

Udhaifu wa jibu hili nimeuishi. Marko 16:16 inaunganisha vitenzi viwili, "aaminiye na kubatizwa", na sisi tumekuwa hodari wa kutunza kumbukumbu za kimoja tu. Wazazi wangu wa ubatizo walijibu kwa niaba yangu. Kipaimara kilikusudiwa kiwe siku ya mimi kulichukua jibu lile kinywani mwangu. Darasani tulikariri Amri Kumi, Imani ya Mitume na maelezo yake. Nakumbuka nguo mpya, kiatu kilichobana, picha ya pamoja mbele ya kanisa, na pilau nyumbani. Sikumbuki mtu yeyote aliyeniuliza, kwa upole na faraghani, kama ninamtegemea Yesu Kristo. Na ajabu ni kwamba jibu nilikuwa nalo mdomoni. Katika Katekisimu Ndogo, Luther anaieleza sehemu ya pili ya Imani kwa kusema kwamba Yesu Kristo ndiye Bwana wangu, aliyenikomboa mimi mtu niliyepotea na kuhukumiwa. Mimi! Nililisema neno hilo bila kukosea hata silabi, nikapata alama, nisione kwamba ninatajwa.

Jibu la pili: umeokoka

Wengi wanadhani jibu hili lilitujia na spika za mikutano ya hadhara. Katika Afrika Mashariki lina umri mkubwa kuliko hapo, na lilizaliwa ndani ya makanisa ya ubatizo yenyewe. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, waliketi siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Wote wawili walikuwa Waanglikana, wote wawili walikuwa wameliona kanisa lililojaa watu na kupungukiwa uzima. Miaka ya 1930 moto wa uamsho uliowaka Gahini ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hadi kwa Walutheri wa Bukoba. Waganda wakawaita watu hao balokole, waliookolewa, na kutoka huko tukapata walokole.

Walokole hao hawakuwa wapagani waliosikia Injili mara ya kwanza. Walikuwa walimu wa shule, wainjilisti, wake za wachungaji, wachungaji wenyewe. Walikuwa na vyeti vyote. Walichokiri ni kwamba walikuwa wakimtumikia mtu wasiyemtegemea. Na wengi wao hawakuhama: walibaki kwenye mabenchi yaleyale, ila sasa walikutana wenyewe kila wiki kusoma, kutubu kwa sauti na "kutembea nuruni". Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, alitoka katika Uamsho huo.

Mama yangu ni wa ushirika huo. Nilipokuwa mtoto nilimfuata Alhamisi mchana, nikaketi mkekani nyuma ya wamama. Siku moja jirani yetu alisimama, akasema, "Bwana Yesu asifiwe," wakamwitikia, kisha akaeleza kwamba msimu uliopita aliloweka kahawa yake kabla ya kuipeleka kupimwa, ili gunia lizidi uzito. Hakulia. Alisema alikwisha kwenda kwa karani wa chama cha wakulima na pesa mkononi, na karani hakujua aiandike wapi, maana daftari halikuwa na sehemu ya kupokea fedha ya namna hiyo. Imani ya moyoni ilikuwa imefika kwenye mizani ya kahawa. Kule Kenya, wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, walokole wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Yesu mezani pake, hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali. Wako waliouawa kwa kukataa huko.

Mbele ya ushuhuda wa namna hiyo, siwezi kumwambia mtu kwamba kuulizwa "umeokoka?" ni usumbufu wa walokole.

Basi udhaifu uko wapi? Uko pale imani inapobadilishwa kuwa tukio. Unaijua sala ya toba. Mhubiri anasema kila jicho lifumbwe, anayetaka anyooshe mkono, kisha, "Rudia maneno haya baada yangu." Mimi ni mwenye dhambi, nisamehe, futa jina langu katika kitabu cha hukumu, liandike katika kitabu cha uzima. Yako mema mengi katika sala hiyo. Lakini niliirudia mara nne katika miaka miwili. Mara ya pili nilikwenda mbele kwa sababu mara ya kwanza sikulia. Mara ya tatu kwa sababu nilikuwa nimeanguka dhambini na nikadhani ya pili haikushika. Mara ya nne sikumbuki hata sababu. Kila mara nilikuwa nikipima jinsi nilivyoamini: nilimaanisha kiasi gani, moyo ulishtuka kiasi gani. Nilikuwa nimehama kutoka kukitegemea cheti changu, nikaanza kuitegemea imani yangu. Na imani haikupewa ijitegemee yenyewe.

Mtu aliyekuwa na majibu yote mawili

Aliyenifungua macho ni John Wesley, baba wa Wamethodisti. Mwanzoni mwa 1736 alikuwa tayari kasisi wa Kianglikana, mmisionari Georgia, Marekani, mtu wa kufunga na kuomba kwa ratiba. Huko alikutana na August Spangenberg, Mmoravia, yaani mtu wa kanisa moja la Kiprotestanti, akaulizwa kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akajibu kwamba anajua ni Mwokozi wa ulimwengu. Ni kweli, akasema Spangenberg, lakini unajua kwamba amekuokoa wewe? Wesley akasema anatumaini Kristo alikufa amwokoe. Katika shajara yake ameandika kwamba alihofu maneno yake yalikuwa matupu.

Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Mei 1738, alikwenda bila hamu kwenye mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London. Mtu mmoja alikuwa akisoma dibaji ya Luther kwa Waraka kwa Warumi. Yapata saa tatu kasorobo usiku, anasema, alihisi moyo wake unapata joto kwa namna ya ajabu. Akaona kwamba anamtegemea Kristo, Kristo peke yake, na kwamba Kristo ameziondoa dhambi zake, naam zake yeye. Angalia vizuri kilichotokea. Hakuna aliyemwita mbele, hakuna sala aliyoirudia. Alisikia habari za Kristo, akajikuta ameegemea.

Hadithi hii hupendwa na upande wa pili, na kwa haki: mtu aliyebatizwa, aliyewekewa mikono, bado alihitaji kuamini mwenyewe. Lakini hawamalizii. Zaidi ya miaka 30 baadaye, alipoitoa tena shajara yake, Wesley aliongeza maelezo pembeni: kwamba hata kabla ya Aldersgate alikuwa na imani, ya mtumishi, ingawa haikuwa ya mwana. Mzee huyo aliyekuwa na tarehe na saa hakuthubutu tena kusema kwamba kabla ya saa ile hapakuwa na kitu. Namheshimu sana kwa hilo.

Wanapoachana kweli

Tofauti kubwa kati ya majibu haya, naona, haiko kwenye maji wala kwenye mkono ulionyooshwa. Iko kwenye uhakika: naweza kujua kwamba nimeokolewa?

Trento ilisema hapana, si kwa uhakika wa imani usioweza kukosea. Mtu asitilie shaka rehema ya Mungu, ila akijitazama mwenyewe ana sababu ya kuogopa. Luther alisema ndiyo, kwa sababu uhakika unakaa katika ahadi na si ndani yangu. Wapendwa wengi wa leo wanasema ndiyo pia, ila ukiwasikiliza kwa makini, sababu ni "nakumbuka siku ile". Ndiyo ya Luther na ndiyo hii zinafanana masikioni, na zinakupeleka njia tofauti usiku unapokuwa mrefu. Siku inaweza kusahaulika. Unaweza kuanza kuitilia shaka, kama nilivyofanya mara nne.

Kuhusu matendo, ugomvi ni mdogo kuliko zamani. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, na Roho anatufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti wakajiunga 2006, makanisa ya Kireformati 2017. Halikumaliza kila jambo, lakini anayewaambia watu leo kwamba Wakatoliki wanafundisha kununua wokovu kwa matendo hajalisoma.

Wewe, basi

Kama ulibatizwa mtoto na unampenda Kristo na huna tarehe, usitunge tarehe ili uwaridhishe wenzako. Timotheo alikuwa na imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Paulo hamuulizi siku. Ila usimjibu anayekuuliza kwa jina la dhehebu, kama nilivyojibu mimi. Mwambie unamtegemea nani.

Kama una cheti na ratiba ya kwaya, na ukijichunguza unaona hujawahi kumwambia Kristo neno moja lililo lako, basi swali la walokole ni lako, usilikwepe. Hulazimiki kuhama kanisa. Nenda kwa mchungaji, padri au mzee wa ushirika unayemwamini, umwambie wazi.

Kama umeirudia sala ya toba mara nyingi na bado unatetemeka, usiirudie tena. Baba wa yule kijana katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu akamponya mwanawe kwa imani hiyo iliyochanika. Mnyang'anyi msalabani hakuwa na muda wa kupima alichokimaanisha. Aligeuza kichwa akasema, "Nikumbuke." Kama unachagua ushirika wa kukaa, sikiliza mahubiri majuma manne, uone kila Jumapili unatoka ukimtazama nani: wewe mwenyewe, mhubiri, au Kristo aliyesulubiwa. Kwangu hicho kinapita jina lililo mlangoni.

Mara ya tano walipoita watu mbele, nilibaki nimeketi. Nilifungua Luka 23, nikayasoma maneno ya mnyang'anyi kama yangu. Moyo haukupata joto lolote. Nilijua tu kwamba nimeacha kushika kitu kingine. Wiki hiyo nilimpigia mama simu, nikamweleza, na katika kueleza nikamwambia pia kwamba sehemu ya ada aliyonitumia shangazi niliitumia kwa mambo mengine na nikamdanganya. Mama akasema, "Bwana asifiwe, mwanangu." Kisha akauliza, "Na shangazi yako umeshamwambia?" Nilimrudishia kwa awamu mbili, ya mwisho mwezi wa Desemba, nilipokwenda likizo.